Harufu ya mashine ya kufulia: sabuni, maji ya Kivu na umeme wa Goma

Mwenye mashine akifungua mlango na kupokewa na harufu ya kitambaa kilicholala kimeloa, kwa kawaida hufanya mambo mawili: anaongeza sabuni, halafu anaongeza dawa ya kulainisha nguo yenye marashi. Siku mbili tatu nguo zinanukia vizuri. Wiki inayofuata harufu imerudi, safari hii imechanganyika na marashi, na mchanganyiko huo ni mbaya kuliko harufu yenyewe. Haishangazi, kwa sababu sabuni iliyozidi na mafuta ya dawa ya kulainisha ndicho chakula cha vijidudu vinavyonuka.

Tatizo kubwa ni kwamba uchafu umekaa mahali ambapo jicho halifiki. Ngoma ya chuma yenye matundu, ile inayozunguka na nguo, imekaa ndani ya pipa la plastiki ambalo halizunguki, na kati yake kuna nafasi nyembamba. Mashine ya mlango wa mbele hutumia maji machache: yanajaa sehemu ya chini tu, nguo zinainuliwa na kudondoshwa humo. Kwa hiyo sehemu ya juu ya pipa la nje haisuuzwi ipasavyo. Kinachofika huko ni povu, na povu likikauka linaacha ukoko wa sabuni, mafuta ya ngozi na nyuzi za nguo. Nyuma ya ngoma, katika mashine nyingi, kuna chuma cha alumini chenye mikono mitatu kinachoishikilia kwenye mhimili wake, na kila pembe ya chuma hicho inashika tope la aina hiyohiyo. Juu ya ukoko huo unaota utando telezi wa bakteria na kuvu. Ukishashika, maji baridi na sabuni vinapita juu yake tu. Kila mzunguko ukiisha, maji kidogo hubaki kwenye bakuli la pampu na kwenye mpira wa kutolea maji. Ukifunga mlango, unyevu huo hauna pa kwenda.

Kwa ufupi utando unataka chakula, unyevu na maji yasiyo moto. Maisha ya hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, yanaupa vyote vitatu kwa wingi. Maji yakiadimika watu huruka kusuuza, umeme ukiwa dhaifu watu hufua kwa baridi, na mvua inanyesha karibu mwaka mzima isipokuwa Juni hadi Agosti.

Anza kwa kunusa

Harufu si moja, na kila moja ina mahali pake. Harufu ya kuvu, ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni, inatoka kwenye utando: mpira wa mlango, droo ya sabuni au nyuma ya ngoma. Harufu nzito ya matope yaliyooza, inayokuwa kali zaidi ukiinama kwenye kona ya chini ya mashine, ni ya kichujio cha pampu.

Harufu ya mayai viza au ya choo mara nyingi haitoki kwenye mashine hata kidogo. Inapanda kutoka kwenye shimo. Ardhi ya Goma ni mwamba wa lava, kuchimba ni kazi na gharama, na katika viwanja vingi maji ya kufulia yanapelekwa kwenye shimo lilelile la choo au kwenye kishimo kifupi. Kama bomba la kutolea maji halina kona ya siphoni, ile yenye umbo la U ambayo maji hubaki ndani yake na kuziba njia ya gesi, mpira wa mashine unakuwa bomba la kuletea hewa ya shimo hadi ndani ya ngoma. Hapo unaweza kuosha ngoma kila Jumapili na usipate kitu. Weka siphoni. Ncha ya mpira ipite kimo cha sentimita 60 hadi 100 kutoka sakafuni, iingie kwenye bomba sentimita 15 hivi tu, na mdomo wa bomba usizibwe kwa matambara au silikoni kuuzunguka. Ukiuziba, au ukiuweka mpira chini sana, maji yanavutwa yenyewe wakati mashine inajaza, na utaona inajaza bila kushiba.

Harufu ya mpira ulioungua au plastiki iliyochemka ni habari nyingine: mkanda unateleza, pampu imekwama au waya wa rezistansi, yaani chuma cha kupashia maji moto, umelegea. Chomoa plagi kwanza, kisha ita fundi.

Sabuni ya pakiti ndogo ndiyo mshtakiwa mkuu

Sabuni nyingi ya unga inayouzwa kwa pakiti ndogo kwenye vibanda vya Birere na soko la Virunga imetengenezwa kwa kufulia mikono. Mtengenezaji amekusudia itoe povu jingi kwa sababu anayefua kwenye beseni anapenda kuliona povu. Ndani ya mashine povu hilo ni balaa. Linafanya nguo zidondoke kwenye mto laini badala ya kupigwa na maji, linapanda hadi juu ya pipa la nje, linaingia kwenye kibomba chembamba cha kupimia kina cha maji na kuidanganya mashine, na pampu inabaki ikivuta povu lenye hewa badala ya maji. Mwisho wake ni usuuzaji mbovu na ukoko mwingine.

Tafuta sabuni iliyoandikwa kwamba ni ya mashine, ambayo ina dawa ya kuzuia povu. Na kati ya unga na maji, unga ni bora kwa usafi wa mashine: unga wa kufulia nguo nyeupe huwa na kiambato cha kung'arisha kinachotoa oksijeni, na ndicho kinachoshambulia utando. Sabuni ya maji haina. Kwenye paketi nyingi zinazofika huku maandishi ni ya Kifaransa. Tafuta neno *percarbonate*, yaani perikaboneti.

Sabuni ya kipande iliyokunwa usiitie kamwe. Sabuni halisi ya mafuta ikikutana na magnesi iliyomo kwenye maji ya ziwa inaganda kuwa takataka ya kijivu isiyoyeyuka, ileile inayobaki kwenye ukingo wa beseni. Ndani ya mashine inabandika nyuma ya ngoma na haitoki kwa kusuuza.

Kipimo: kwa mzigo wa kilo 5 au 6 wenye uchafu wa kawaida, gramu 70 hadi 90 za unga wa mashine zinatosha, yaani vijiko vya chakula vitano hivi visivyorundikwa sana. Ukitumia maji ya mvua punguza hadi nusu, kwa sababu maji ya mvua hayana madini ya kuila sabuni. Usipime kwa kifuniko cha mtengenezaji ukadhani lazima kijae.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Endesha mzunguko wa nyuzi 60 bila nguo na bila sabuni yoyote. Baada ya robo saa, maji yakishapata joto, angalia kioo. Ukiona povu, hiyo ni sabuni ya mizunguko iliyopita inayoachia. Mashine safi haitoi povu kwa maji matupu. Rudia hadi kioo kiwe wazi, na katika mashine iliyolishwa sabuni ya mikono kwa mwaka mzima usitegemee ikubali mara moja.

Dawa ya kulainisha tungependa iachwe kabisa, angalau kwa taulo na nguo za michezo. Inazipaka nyuzi tabaka la mafuta, taulo zinaacha kunyonya maji, na mabaki yake ni ute mzito unaooza ndani ya droo.

Maji ya Kivu hayafanani na ya vitabu

Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa kwa maji ya Ulaya. Maji ya Ziwa Kivu, yawe yamepita kwa Regideso, kampuni ya maji ya serikali, au yameletwa na lori, ni ya aina yake: yana ualkali mkubwa, pH ya karibu 9 juu ya ziwa, bikaboneti nyingi, na magnesi nyingi kuliko kalsi. Yakipashwa moto yanaacha tabaka jeupe kwenye rezistansi. Tabaka hilo linazuia joto lisiingie majini, chuma kinajipasha chenyewe hadi kinapasuka, na uso wa tabaka hilo, wenye kukwaruza, unashika uchafu vizuri sana.

Sasa angalia ule ushauri maarufu wa kikombe cha siki. Lita moja ya maji ya juu ya Kivu inaweza kumeza takriban milimoli 13 za asidi. Mzunguko mtupu unatumia lita 15 hivi. Piga hesabu: maji hayo pekee yanameza mililita 230 hivi za siki ya asilimia 5, yaani kikombe kizima, kabla siki haijagusa ukoko wowote. Ndiyo maana watu wa Goma wanatia siki mwezi baada ya mwezi na rezistansi inabaki nyeupe. Wanachofanya ni kuyatibu maji.

Dawa inayofaa ni asidi ya sitriki, unga mweupe kama sukari unaopatikana kwa wauzaji wa viungo vya kutengeneza juisi na sabuni. Maji ya ziwa yatakula gramu 12 hivi, kwa hiyo ukitia gramu 100 hadi 150 nyingi inabaki kufanya kazi. Mimina moja kwa moja ndani ya ngoma, endesha nyuzi 40 hadi 60, bila nguo, bila sabuni. Usipande nyuzi 90 na asidi hii, maana joto kali linaweza kuifanya igande upya pamoja na kalsi, na sehemu za mpira haziipendi. Katikati ya mzunguko simamisha kwa nusu saa, kisha acha imalize na usuuze mara moja ya ziada. Mara moja kila miezi miwili au mitatu inatosha.

Kama una tangi la mvua, mzunguko huu ndio wa kulitumia. Funga bomba la mashine, anzisha programu, subiri pampu imalize kutoa maji ya mwanzo, kisha mimina polepole lita 10 hadi 12 za maji ya mvua kupitia droo ya sabuni. Mashine inapima kina cha maji, haiulizi yametoka wapi. Acha mvua ya kwanza ipite kabla ya kukinga, kwa sababu moshi wa volkano ya Nyiragongo huifanya mvua ya hapa kuwa na asidi na majivu, na bati lenye kutu linaacha madoa ya rangi ya machungwa kwenye nguo nyeupe.

Wanaofua kwa bidoni, yaani madumu ya maji, wajue kiasi. Mzunguko kamili wenye kusuuza hula lita 45 hadi 60, karibu bidoni tatu za lita 20. Ukiwa na mbili tu, punguza nguo, usipunguze kusuuza. Harufu nyingi za mashine za Goma zinaanzia hapo.

Na siterni, yaani tangi la maji, iliyo juu ya nyumba? Kila mita 10 za kimo zinatoa shinikizo la bar 1. Siterni iliyo mita 3 juu ya mashine inatoa bar 0.3 tu, na mashine nyingi zinataka bar 0.3 hadi 0.5 kwa uchache, nyingine zaidi. Maji yakiingia kwa kuchuruzika hayana nguvu ya kuikokota sabuni kutoka kwenye droo. Unga unabaki uji, uji unaota kuvu. Kabla ya kununua pampu ya kuongeza shinikizo, fungua mpira wa kuingizia maji nyuma ya mashine na uvute kwa koleo kile kichujio kidogo cha wavu kilichomo kwenye valvu. Mara nyingi kimejaa mchanga, na kukiosha kunarudisha shinikizo lote.

Joto linalotegemea volti

Utando na bakteria wa nguo hawapungui sana kwenye nyuzi 30. Kwenye 60 wanapungua kweli. Lakini kuandikwa 60 kwenye kitufe hakumaanishi maji yamefika 60, na hapa umeme unaingia.

Nguvu ya rezistansi inashuka kwa mraba wa volti. Rezistansi ya wati 2,000 kwa volti 230 inatoa wati 1,225 hivi volti zikishuka hadi 180, hali isiyo ngeni mitaani jioni. Kupasha lita 15 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji dakika 20 kwa umeme mzima, na zaidi ya dakika 32 kwa volti 180, bila kuhesabu joto linalonyonywa na nguo na chuma. Mashine nyingine husubiri. Nyingine zina kikomo cha muda: kikipita, zinaendelea na maji ya vuguvugu kana kwamba hakuna kilichotokea, au zinaonyesha kosa la upashaji. Kwa hiyo mzunguko wa moto uendeshe saa ambazo mtaa haupiki wala hauwashi taa, na gusa kioo katikati ya mzunguko. Kikiwa vuguvugu tu, umeoga maji ya baridi kwa bei ya moto. Mzunguko wa nyuzi 90 nao unawezekana umeme ukiwa mzima: kwa kimo cha Goma, karibu mita 1,460 kandokando ya ziwa, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo mvuke kidogo kwenye droo ni jambo la kawaida.

Umeme ukikatika nguo zikiwa majini, usiziache hadi kesho. Chomoa plagi, subiri dakika chache kufuli ya mlango ilegee, toa maji kwa kimpira kilicho pembeni ya kichujio, zitoe nguo uzikamue kwa mkono. Maji ya sabuni yaliyolala usiku mmoja na soksi yanafanya kazi ya mwezi mzima ya uzembe.

Kusafisha, kwa mpangilio huu

Mpangilio una maana, kwa sababu ukianza na mzunguko wa moto kabla ya kutoa uchafu wa mkono, uchafu huo unapikwa na kusambazwa.

Anza na kichujio cha pampu, nyuma ya kifuniko kidogo chini kulia au kushoto. Chomoa plagi. Weka sinia la kimo kifupi na taulo kuukuu, toa maji kwa kimpira kama kipo, kisha zungusha kifuniko cha kichujio polepole kinyume na saa. Maji yakizidi sinia, kaza, mwaga, fungua tena. Hapa Kongo hatutumii sarafu, kwa hiyo kinachotoka ni pini za nywele, vifungo, waya za sidiria, noti za faranga 500 zilizogeuka uji, na sarafu za Rwanda zilizovuka mpaka mfukoni kutoka Gisenyi. Chini kabisa utakuta mchanga mweusi. Huo ni wa lava, mgumu na wenye ncha, na unakula pampu na mipira ya kuzuia maji. Kukung'uta suruali na soksi nje kabla ya kuziingiza kunasaidia kuliko dawa yoyote. Ingiza kidole na uzungushe kigurudumu chenye mapanga cha pampu: kikizunguka kwa kurukaruka ni kizima, maana kina sumaku, kikizunguka kilaini kabisa bila kushika, au kisipozunguka, kuna tatizo. Safisha kila mwezi.

Kisha mpira wa mlango. Ukunjue kwa vidole pande zote, hasa chini, ambako kuna vitundu vidogo vya kurudisha maji ndani. Vikizibwa na nyuzi, maji yanabaki dimbwi kwenye mkunjo. Vizibue kwa kijiti cha mbao, si kwa msumari. Utelezi unafutwa kwa kitambaa na sabuni. Madoa meusi ya kuvu ni kazi ya javeli, dawa ya maji ya klorini ya kung'arisha nguo: sehemu moja kwa kumi ya maji, loweka matambara, yabane ndani ya mkunjo kwa dakika 20 hadi 30 ukiwa umefungua madirisha, halafu futa kwa maji safi mara mbili. Doa lililoingia ndani ya mpira halitatoka hata ukisugua hadi jioni, na hilo si kosa. Doa lisilo na utelezi halinuki. Usisugue kwa brashi ya waya, maana mpira uliokwaruzwa unaota kuvu upya haraka.

Onyo moja ambalo halina nafasi ya mzaha: javeli na siki, au javeli na asidi ya sitriki, zikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Usizitumie siku moja. Vilevile javeli usiifanye dawa ya kila wiki ndani ya ngoma, kwa kuwa inakula alumini ya ule mkono wa nyuma, na mkono huo ukivunjika mashine imekwisha.

Droo ya sabuni inatoka yote ukibonyeza kile kitufe cha katikati au kukivuta juu. Toa kifuniko cha sehemu ya dawa ya kulainisha, osha kwa maji moto. Wengi wanaishia hapo. Chukua tochi uangalie dari ya tundu la droo: ndiko maji yanakonyunyiza kutoka, na ndiko kuvu jeusi linapojificha likidondokea kila nguo unayofua. Brashi ya meno yenye mpini mrefu inafika.

Mwisho ndipo mzunguko wa moto. Ngoma tupu, nyuzi 90, au 60 kama mashine haina 90, na gramu 100 hadi 150 za perikaboneti ya sodiamu ndani ya ngoma. Ukiikosa, tia kipimo cha kawaida cha unga wa mashine wa nguo nyeupe. Usichague programu ya haraka, chagua ndefu. Maji yakitoka na vipande vyeusi kama karatasi iliyolowa, huo ni utando unaobanduka. Safisha kichujio tena mara tu mzunguko ukiisha, kisha rudia. Mashine iliyopuuzwa hutaka mara tatu au nne. Iliyotunzwa, mara moja kwa mwezi.

Baada ya hapo, kila ukimaliza kufua: nguo zitoke ndani ya saa moja, mkunjo wa mpira ufutwe kwa kitambaa kikavu, mlango na droo vibaki wazi. Nyumba yenye watoto wadogo iache mwanya wa vidole viwili tu, kitambaa kikiwa kimefungwa kwenye ndoano ya mlango, na plagi ichomolewe. Mtoto huingia ndani ya ngoma kwa mchezo.

Pengine zinazonuka ni nguo

Mashine inaweza kuwa safi na taulo zikanuka bado, hasa zikilowa tena. Bakteria mmoja anayejulikana kwa harufu hiyo ni *Moraxella osloensis*. Anavumilia kufuliwa kwa baridi na hata kukaushwa. Loweka taulo hizo kwenye maji ya nyuzi 50 au 60 yenye vijiko viwili vya perikaboneti kwa kila lita 5, kwa saa moja au mbili, kisha fua kwa 60. Msimu wa mvua, nguo zinazoanikwa chumbani zisirundikane. Zikichelewa kukauka hadi siku ya pili, harufu inazaliwa kwenye kamba, na mashine inalaumiwa bure. 

Harufu isipokwisha, na kelele ikianza

Mizunguko minne ya moto ikishindwa, uchafu uko nyuma ya ngoma na lazima pipa lifunguliwe. Hapo muulize fundi swali moja kabla ya bei: pipa limefungwa kwa skrubu au limeunganishwa kwa moto? La skrubu linafunguliwa, linaoshwa, linafungwa na mpira mpya. Lililounganishwa lazima likatwe kwa msumeno na kurudishwa kwa skrubu na silikoni, kazi inayofanyika lakini inayovuja mara nyingi.

Kelele ya ngurumo wakati wa kukamua, inayopanda kadiri kasi inavyopanda, ni beringi. Beringi hazifi zenyewe. Kwanza hufa mpira wa mhimili unaozuia maji, ukiwa umekaushwa na sabuni na kukwaruzwa na mchanga. Maji yanapita, grisi inaoshwa, kutu inaingia. Fundi akibadilisha beringi akaacha mpira wa zamani, kelele itarudi baada ya miezi. Namba kama 6205 na 6206 ni za kawaida, lakini namba isomwe kwenye beringi yenyewe kabla ya kwenda dukani.

Rezistansi inapimwa kwa mita ya kupimia umeme. Ya wati 2,000 isome ohm 26 hivi, ya wati 1,800 ohm 29. Kati ya ncha zake na chuma cha mashine pasipite umeme hata kidogo. Hili lina uzito Goma kuliko kwingine: fimbo ya kupeleka umeme ardhini iliyopigwa kwenye mwamba mkavu wa lava haipitishi vizuri, na waya wa tere, ule unaoungana na fimbo hiyo, unaweza kuwapo nyumbani bila kumlinda mtu. Mashine iwe na dijonkta difransieli ya miliampia 30, yaani swichi inayokata yenyewe umeme ukivuja. Ukihisi mkono unawasha ukigusa ngoma, usisubiri kesho.

Ukinunua ya okazioni, iliyokwisha kutumika

Nyingi zinashuka kutoka Ulaya zikiwa zimefungwa mlango miezi kadhaa, na muuzaji amepulizia marashi. Nusa kwenye tundu la droo, si kwenye ngoma, maana huko hapulizii mtu. Ingiza kidole kwenye mkunjo wa chini wa mpira na utazame kinachotoka. Shika ukingo wa juu wa ngoma uinue: ikicheza peke yake bila pipa kufuata, beringi zimekwisha. Izungushe kwa mkono usikilize. Mwambie muuzaji afungue kichujio mbele yako. Akikataa, bei ishuke au uondoke. Tazama mgongoni kama kuna michirizi ya kutu chini ya mhimili. Na ukiifikisha nyumbani, hakikisha zile skrubu ndefu tatu au nne za safari, zinazolibana pipa lisicheze njiani, kama bado zimo, zimetolewa kabla ya kuwasha. Mashine iliyokamua nguo ikiwa nazo hutembea sebule nzima na kuvunja vizuizi vyake siku ya kwanza.